Aliyethibitishwa Kuwa Hai

2 Machi, Jumatatu

Mvua imeanza leo, na Mkuu naye ameanza. Ametuita wote wanne wa Kitengo cha Utambulisho, akasimama mbele ya ubao, akatangaza kuwa mfumo mpya utawashwa mwisho wa Aprili na hautaki takataka za mfumo wa zamani. Kila mtu na kila mashine iliyo kwenye mtandao wetu, kuanzia hospitali kuu hadi zahanati zake kumi na nne, ihakikiwe upya. Jina, namba, mahali ilipo, msimamizi wake. Kisichokuwa na mwenyewe kifutwe. "Na kila mtakachoniambia," akasema, "ushahidi wake uko wapi?" Ndiyo maana tunamwita Bwana Ushahidi. Ukimwambia kunanyesha atataka umwonyeshe mwavuli uliolowa.

Mimi nimepewa zahanati zote. Majina mia sita na ushee, ya watu na ya vyombo.

Jioni mama kaniuliza tena kazi yangu ni nini hasa. Huu mwaka wa kumi na saba ananiuliza. Nimemwambia: nawapa watu namba ili kompyuta zote, za hapa na za mbali, zijue ni wao na ziwafungulie. Wakiondoka, nawafuta. "Yaani mlinzi wa geti," akasema. Haya mama, mlinzi wa geti.

Daftari hili nimelitoa stoo ya ofisi. Nataka mahali pa kuandika mambo ambayo hayaombwi ushahidi.

3 Machi, Jumanne

Siku nzima nimeipoteza kuthibitisha kwamba printa ya maabara ya zahanati ya nne ipo. Ipo.

5 Machi, Alhamisi

Mfumo mpya, ambao sisi wa kitengo tumeshafunguliwa kwa majaribio, una safu ambayo ule wa zamani hauna. Unaonyesha nani ameingia leo, kutokea wapi, saa ngapi. Nilikuwa nashuka na orodha taratibu, kikombe cha chai mkononi, nikafika kwa mdogo wangu.

Waya. Ndivyo tulivyomwita, nyumbani na kazini, kwa sababu tangu utotoni hakuna redio iliyopona mikononi mwake, na ukubwani akawa fundi wa mtandao wa hospitali hii hii. Ameingia leo, zahanati ya kumi na tatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Ametoka saa moja na robo.

Mdogo wangu alikufa mwaka jana, mwezi wa tano. Aliteleza kwenye paa la zahanati ya pili akirekebisha antena, mvua kama hizi hizi. Nilikuwepo kaburini. Udongo niliurusha kwa mkono huu unaoandika.

Chai imenimwagikia, lakini hilo si neno. Neno ni kwamba akaunti hiyo nilipaswa kuifunga mimi. Karatasi ya kumfunga ililetwa mezani kwangu wiki ile ile ya msiba, na nikaitia kwenye droo. Desemba tulipofanya uhakiki wa mwaka, mstari wake ukaja mbele yangu na maswali yake mawili: Yupo? Hayupo? Nikabonyeza "Yupo", nikaweka sahihi, nikaendelea na aliyefuata. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuweza tu.

Kwa hiyo kwenye mtandao wetu Waya ni mtu hai, kwa ushahidi wangu mimi dada yake.

6 Machi, Ijumaa

Ameingia. Saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane.

9 Machi, Jumatatu

Ameingia.

10 Machi, Jumanne

Ameingia. Mvua haijakata tangu jana.

11 Machi, Jumatano

Leo nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Nikafungua orodha, nikakaa. Kando ya jina lake kuna kidoa, kijivu mtu akiwa nje, kijani akiingia. Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja kikageuka kijani, na nywele zikanisimama mwili mzima. Nilikaa nusu saa nzima nakitazama. Naogopa, sitaki kusema uongo. Lakini ni muda mrefu sijakaa na mdogo wangu nusu saa nzima.

Najua ninachopaswa kufanya. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua: piga simu zahanati, uliza nani yuko kwenye kompyuta. Sijapiga. Nikipiga nitajibiwa, na nikijibiwa basi, imekwisha.

13 Machi, Ijumaa

Mama ameona ninavyowahi kutoka. "Umepata mtu?" ameniuliza, macho yake kwenye sufuria.

"Mama, kwa umri huu?"

"Umri huu una nini? Mguu ndio unaniuma mimi, si roho."

Nimecheka hadi kwenye kituo cha basi. Kisha nikaona haya, kwa sababu ni kweli kuna mtu ninayemuwahia.

16 Machi, Jumatatu

Hakuingia. Nimekaa mpaka saa mbili na nusu, mikono imekufa ganzi. Nimemfokea mwenzangu wa meza ya pili kwa sababu ya stepla.

17 Machi, Jumanne

Ameingia. Mchana nimekula vizuri. Nimemwomba radhi wa stepla.

20 Machi, Ijumaa

Mfumo una kidirisha cha kumwandikia mtu akiwa ndani. Tunakitumia kuwaambia watu watoke tukitaka kuzima seva. Leo kidoa kilipogeuka kijani nikafungua kidirisha, nikaandika neno moja.

"Waya?"

Dakika moja. Mbili. Nikasema moyoni, mwanamke mzima unafanya nini? Dakika ya nne jibu likaja.

"Ndiyo."

Niliinuka, nikaenda msalani, nikafungua bomba nikaacha maji yatiririke ili mfagiaji asinisikie. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Hata msibani nilijikaza kisabuni, nikapokea wageni, nikagawa sahani. Leo nimelia kwa ajili ya neno moja.

21 Machi, Jumamosi

Sikutoka kitandani hadi saa nne. Mvua.

23 Machi, Jumatatu

Nimemwandikia: "Mama anakuulizia."

Amechukua muda mrefu zaidi. Kisha: "Mwambie sijambo."

Kidoa kikawa kijivu papo hapo, kabla ya saa moja.

24 Machi, Jumanne

Nimefanya upumbavu, na nauandika hapa ili nisije kujidanganya kwamba sikuufanya.

Nilirudi mapema. Mama alikuwa sebuleni, anashona kifungo cha gauni langu, miwani imemshuka puani. Nikaketi chini karibu na miguu yake kama nilivyokuwa nikifanya zamani. Nikamweleza yote. Zahanati, saa, kidoa, "ndiyo". Nikamalizia: "Amesema hajambo."

Sindano ilisimama. Nilidhani atalia, nikawa tayari kumshika. Mama akakata uzi kwa meno.

"Nani huyo?"

"Mama, nimekwambia..."

"Nakuuliza nani huyo. Mwanangu mimi hakuwahi kujibu swali kwa maneno mawili. Ukimuuliza habari za asubuhi anaanzia kuku alivyowika. Na wewe unajua." Akavua miwani. "Huyo anayekujibu ndiyo, sijambo, ndiyo, sijambo, huyo ni mtu anayekuogopa. Unamtisha mtu huko aliko, halafu unaniletea mimi salamu zake?"

Nikainamisha macho kwenye gauni.

"Mimi nimezika mtoto," mama akasema. "Nimemzika mara moja. Sikumzika ili wewe unifufulie kwenye kioo cha kompyuta kila asubuhi, halafu jioni nianze upya. Mtafute huyo mtu. Uliza anaogopa nini."

Akanirudishia gauni. Kifungo alikuwa amekishona upande usio wake.

26 Machi, Alhamisi

Ameingia. Nimezima skrini.

27 Machi, Ijumaa

Ninavyozidi kuwaza ndivyo hasira inavyonipanda. Mtu amevaa jina la mdogo wangu na anatembea nalo. Nimemwuliza "Waya?" naye kanijibu "Ndiyo" bila hata soni. Mwizi wa nguo anakuachia mwili, huyu je?

Mama kaniagiza nimtafute. Kumtafuta sitaki. Nataka akome.

30 Machi, Jumatatu

Nimemfuta. Alipoingia tu, saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, nikabonyeza. Mfumo ukaniletea orodha ya sababu nichague: amehama, amestaafu, amefariki, mtumiaji hajulikani. Nikachagua "mtumiaji hajulikani". Hata leo, kwa hasira zote hizo, kidole hakikwenda kwenye lile neno la tatu.

Kidoa kikatoweka, na jina lake pamoja nacho.

31 Machi, Jumanne

Mto umefunika daraja. Zahanati ya kumi na tatu iko ng'ambo. Simu yao nayo imekatika.

1 Aprili, Jumatano

Nimejizuia kuangalia orodha. Kisha nimeangalia. Hakuna kitu.

2 Aprili, Alhamisi

Naandika nyumbani, miguu kwenye beseni la maji moto. Leo nimetembea kuliko nilivyotembea mwaka mzima.

Saa tatu hivi asubuhi mlinzi alinipigia kwamba kuna mgeni, amelowa chapachapa, hataki kuondoka. Akapanda mwanamke wa makamo yangu, sare ya uuguzi imejaa tope hadi magotini, viatu mkononi. Akasimama mlangoni asichafue sakafu.

"Ni wewe dada yake Waya?"

Nikasema ni mimi.

"Ni wewe uliyemfunga?"

Kumbe alivuka kwa daraja la reli, kwa miguu, akihesabu mataruma na mto unapita chini yake. Muuguzi wa zahanati ya kumi na tatu, peke yake, mwaka wa sita huu. Nikamvuta kiti. Akakaa ukingoni kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Siku ile ulipoandika jina lake nilijua mmenigundua," akasema. "Nikajibu ndiyo. Ningejibu nini? Halafu ukaleta habari ya mama. Dada, nilishikwa na baridi. Nilijua kwamba huyu haulizi kwa ajili ya ofisi, huyu ni mtu mwenye msiba. Nisamehe. Lakini kama ningesema ukweli ungenifungia, na nina mtoto."

Mtoto si wake. Ni binti wa darasa la sita, ana kisukari, anachomwa insulini kila siku. Stoo kuu ya dawa hutoa chupa wiki kwa wiki, na haitoi mpaka ombi liingie kwenye mtandao kwa jina la mtu anayetambulika. Jumatatu asubuhi alikuwa katikati ya kuandika ombi hilo kompyuta ilipomtoa. Amempimia mama wa yule binti dozi zilizobaki. Ya mwisho ni ya kesho asubuhi.

"Kwa nini hutumii jina lako?" nikamuuliza, na nilimuuliza kwa ukali.

Akanitazama. "Jina gani, dada? Nimeomba mara tatu. Mara zote tatu nimejibiwa: mtu huyu tayari yupo."

Nikamwomba jina lake kamili na mwaka wa kuzaliwa, nikatafuta. Kuna muuguzi mwingine hospitali kuu, wodi ya wazazi. Majina yote matatu ni yale yale, mwaka ule ule, kazi ile ile. Mfumo wa zamani ukikuta watu wawili wanaofanana hivyo huwaunganisha wakawa mmoja, na anayekuja nyuma anakataliwa. Kazi ya kuwatenganisha ni ya binadamu, anatakiwa afungue karatasi, asome, aone kwamba hawa ni wawili. Chini ya kila ombi lililokataliwa kulikuwa na sahihi. Yangu. Yangu. Yangu.

"Friji yangu ya chanjo inatambulika," akasema. Hakuwa anatania. "Ina namba. Mimi sina. Waya alipokuja kuiunganisha hiyo friji kwenye mtandao akaniona naandika maombi kwenye daftari, nampa dereva, mara yafike mara yasifike. Akasema hapana, haiwezekani. Akanipa neno lake la siri nitumie kwa muda, wakati ananishughulikia. Akazibeba karatasi zangu mwenyewe, akakuletea."

"Akaniletea mimi?"

"Aliporudi akaniambia, dada yangu ana kazi nyingi, tumpe muda. Wiki ile ile ndiyo akaanguka."

Nikakumbuka.

Nikampigia daktari wa zamu. Hawezi kumwandikia dawa mgonjwa asiyemwona, na mgonjwa yuko ng'ambo ya maji. Nikapiga stoo. Wanataka namba. Yule muuguzi akasogeza kiti. "Mrudishe tu Waya, dada. Siku mbili. Nikipata hii chupa mengine tutajua."

Inawezekana. Aliyefutwa anarudishika ndani ya siku saba. Nikafungua ukurasa, mfumo ukauliza: Yupo? Hayupo? Kidole kilikuwa juu ya "Yupo", na Mungu anisamehe, sikuwa namwaza mtoto. Nilikuwa nakiwaza kile kidoa. Kesho asubuhi kingekuwa kijani tena.

Lakini mwisho wa Aprili mfumo wa zamani unazimwa, naye anaondoka nao. Mei yule binti atachomwa nini? Juni je?

Nikafungua droo. Nikatoa karatasi ya kumfunga Waya, imeanza kuwa njano, nikachapisha uhakiki wa Desemba wenye sahihi yangu na yale maombi matatu niliyoyakataa bila kuyasoma. Nikaenda kwa Mkuu, nikaziweka mbele yake moja moja. "Nimemthibitisha maiti kuwa hai," nikasema, "na mtu hai nimemkatalia mara tatu. Yuko nje, amelowa. Mtenganishe na mwenzake sasa hivi, kisha unifanye utakavyo."

Mkuu alisoma zote. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuomba ushahidi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mtoto ana mpaka lini?" Kisha akavuta kibodi.

Ilichukua dakika ishirini. Miaka sita, dakika ishirini. Namba ilipotoka, muuguzi aliisoma kwa sauti mara mbili, akaniomba karatasi aiandike.

Gari la hospitali lilitufikisha mpaka reli. Tukashika kasha la dawa huku na huku, likiwa na barafu ndani, tukalibeba hadi mwanzo wa daraja. Mimi naogopa maji, na yeye ameliona hilo. "Ishia hapa, dada," akaniambia, akalitia begani. Nilisimama mvuani mpaka akafika ng'ambo.

3 Aprili, Ijumaa

Kidirisha kimefunguka chenyewe saa tano, kwa jina lake mwenyewe. "Dawa haikuharibika. Mtoto amechomwa. Amenuna, anataka kwenda shule na shule imefungwa kwa mafuriko."

Nimemsomea mama kwenye simu. Ameniambia niisome tena.

7 Aprili, Jumanne

Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Mkuu amenikabidhi barua kwa mikono miwili, kama anayenipa pole. Stahili yangu. Orodha za zahanati amepewa yule wa stepla.

8 Aprili, Jumatano

Mvua. Nimelala.

9 Aprili, Alhamisi

Mkuu amenitumia fomu nyumbani. Kufuta kwa "mtumiaji hajulikani" hakutambuliki tena. Aliyefariki lazima afungwe kama aliyefariki, na fomu ijazwe na ndugu wa karibu. Safari hii siijazi kama mtumishi. Nimeombwa kama dada.

Mama amekaa nami mezani. Jina kamili, amenitajia yeye, herufi kwa herufi, kana kwamba silijui. Tarehe ya kuzaliwa, yeye. Sababu: nimeandika amefariki. Kalamu haikugoma. Mama ameniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

Halafu kuna swali ambalo nimelipitisha kwa watu wengi miaka hii kumi na saba bila kulisoma sawasawa: ndugu alimwona marehemu mara ya mwisho lini, na wapi?

Mama yeye alimwona asubuhi ile, akimfungia chakula. Lakini anayejaza ni mimi. Mimi nilimwona siku mbili kabla. Nilikuwa kwenye simu. Nilimwonyesha kiganja asubiri, akasubiri, amesimama, maana kiti cha wageni nilikuwa nimekijaza mafaili. Nilipokata simu nikamwambia, "Waya, si sasa bwana, kila siku una mtu wa kumhangaikia." Akacheka. Akasema, "Haya dada, ukipata nafasi." Nikapokea simu nyingine.

Nafasi ya kujibia ni mstari mmoja. Nimeandika: *Mezani kwangu, saa nne asubuhi, amesimama, ameshika karatasi ambazo sikuzisoma.*